Nilimuuzia mzee pampu ya ABS bila kumuuliza swali hata moja. Soma hii kabla hujatuma oda yako ijayo

Leo sina somo la kupiga picha bidhaa wala la kuongeza wafuasi. Nina stori ya hela niliyomrudishia mteja, na kosa lilikuwa langu mimi. Nimeiweka hapa kwa sababu naona wengi wetu tunauza hivihivi, tena tunajisifu kwamba tunajibu fasta.

Mimi nina duka la spea used za gari hapa Omurushaka, Karagwe. Nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo. Nilianza kwa kuuza kava za simu kwenye stetasi ya WhatsApp. Siku moja dereva akaniomba nimtafutie taa ya Noah kutoka Dar, nikapata faida ya 12,000 bila kutoka dukani. Nikasema kumbe hela iko huku. Ufundi sikusomea popote. Kazi yangu ilikuwa kufananisha picha: mteja anatuma picha, naipeleka kwa watu wangu wa Gerezani, Kariakoo, wao wanakitafuta, kinapanda basi, siku ya pili au ya tatu kipo Karagwe. Mteja wa Kayanga anakuja kuchukua mwenyewe. Wa Kyerwa namtumia kwa gari za Nkwenda au Isingiro.

Biashara ilienda vizuri mpaka mwaka 2022, msimu wa kahawa. Msimu huo wazee wanakuwa na hela, na gari zote zilizolala zinaamka.

MZEE WA NKWENDA

Mzee mmoja wa upande wa Nkwenda akanitumia picha ya dashibodi ya Noah yake. Taa ya njano ya ABS inawaka. Chini yake akaandika: "Mwanangu, fundi wangu anasema kontroli boksi ya ABS imekufa. Unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimenunua pampu ya ABS ya Noah kwa 150,000, ipo dukani miezi miwili inakula vumbi. Nikamwambia 280,000. Hakubishana. Akaniuliza jambo moja tu: "Itafaa?"

Nikajibu: "Itafaa mzee, funga tu."

Hayo maneno matatu ya mwisho nayakumbuka mpaka leo. Sikumuuliza gari ni ya mwaka gani. Sikuomba picha ya namba zilizo kwenye kifaa chake. Sikumuuliza fundi alijuaje kwamba ni boksi. Hela ikaingia kwenye simu, mzigo ukapanda gari mchana huohuo, mimi nikaposti skrinishoti ya malipo na maneno "wateja wangu wananiamini".

Siku nne baadaye simu ikaita. Si mzee, ni binti yake. Akaniambia pampu imefungwa, taa bado inawaka, na breki sasa zimekuwa laini, unakanyaga pedali inazama. Baba yake alikuwa anateremka mlima na wajukuu wawili ndani ya gari. Breki zikakataa kushika, akaamua kuingiza gari kwenye shamba la migomba. Hakuna aliyeumia. Migomba minne ililala, na bampa ikapasuka.

Jioni nikaanza kutumiwa sauti iliyokuwa inazunguka kwenye grupu la madereva: "Yule binti wa Omurushaka anauza vyuma chakavu, msimpe hela zenu." Rafiki yangu anayeuza viatu mtandaoni akanishauri nimbloki mzee, nibadilishe laini, watu watasahau. Nilikaa na simu mkononi karibu saa nzima. Kilichonizuia ni wale wajukuu. Mimi ndiye niliyeandika "funga tu".

Asubuhi nikapanda gari kwenda Nkwenda. Nikaongozana na fundi mmoja mtu mzima wa Kayanga, nikamuahidi kumlipa mwenyewe.

WAYA MOJA IKATOA JIBU

Kwa wasiouza spea, nieleze kidogo. ABS inazuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Kila tairi ina sensa inayosoma mwendo wake. Sensa zinapeleka taarifa kwenye kontroli boksi. Boksi likiona tairi moja inataka kusimama wakati gari bado linakimbia, linaamuru vali zipunguze nguvu ya mafuta ya breki kwenye tairi hiyo, kisha ziirudishe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana pedali inatetemeka mguuni. Hapo unaweza kukata usukani ukakwepa mtu, kwa sababu tairi bado zinazunguka. Bosch ndio walioiingiza sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz S-Class. Leo ipo hadi kwenye gari ndogo tunazopandia hapa.

Boksi likigundua hitilafu popote kwenye mfumo, linajizima na kuwasha taa ya njano. Kwa kawaida breki zenyewe zinabaki zinafanya kazi bila ABS. Taa inakwambia kuna shida kwenye mfumo. Haikwambii ni boksi. Inaweza kuwa sensa, waya, fyuzi, beringi, au boksi kweli.

Fundi alifika, akamuamkia mzee, akanywa maji aliyopewa, ndipo akauliza: "Mlipima na nini kabla ya kununua?" Kimya. Fundi wa kijijini akasema taa ya ABS ikiwaka, yeye anajua ni boksi.

Mzee wangu wa Kayanga hakuwa hata na mashine siku hiyo. Alichukua kipande kifupi cha waya, akainama kwenye ile soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, akaunganisha tundu namba 4 na namba 13, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS ikaanza kumeta. Mara tatu, ikapumzika, mara tatu tena. Akasema: "33. Sensa ya tairi la nyuma kulia."

Toyota nyingi za miaka ile zinahesabu namba za kosa kwa taa namna hiyo: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu, kwa hiyo usijaribu kwa kubahatisha. Lakini fikiria: jibu lilikuwa ndani ya gari tangu siku ya kwanza, na kulisoma kulihitaji kipande cha waya.

Tukaingia chini. Waya wa sensa ya nyuma kulia ulikuwa umesagika kwenye chuma mpaka umekatika, na soketi yake imejaa tope lililokauka. Akaunga waya, akasafisha soketi, akaufunga mbali na kile chuma. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa 15,000.

Na breki laini? Kwenye Noah ile, boksi na kipande cha vali vinakuja pamoja. Ukibadilisha lazima ufungue mabomba ya mafuta ya breki. Ukifungua mabomba, upepo unaingia. Fundi wa kwanza alifunga pampu bila kutoa upepo vizuri, na mafuta ya breki yalikuwa yamepungua kwenye kopo. Mafuta hayakandamiziki, upepo unakandamizika, ndiyo maana pedali ikawa inazama. Mzee wa Kayanga alitumia karibu mchana mzima kutoa upepo tairi moja baada ya nyingine na kuongeza mafuta mapya.

Kwa maneno mengine, gari lilikuja na shida ya 15,000. Mimi nikaliongezea shida ya breki.

HESABU YANGU ILIVYOKAA

Nilimrudishia mzee 280,000 yake yote, nusu siku ileile na nusu baada ya wiki mbili. Fundi nilimlipa 60,000 pamoja na mafuta ya breki. Nauli zetu zilikula 20,000. Pampu yangu tuliiacha kwenye gari kwa sababu ilikuwa inafanya kazi na hatukutaka kufungua mabomba tena. Nikachukua ya kwake ya zamani, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Miezi minne baadaye niliiuza 200,000 kwa mtu aliyekuwa amepima gari na kuthibitisha, tena nikamweleza historia yake yote.

Ukipiga hesabu: pampu 150,000, fundi 60,000, nauli 20,000, jumla 230,000. Toa 200,000. Hasara 30,000 na usingizi wa wiki kadhaa. Kama ningembloki, ningebaki na faida ya 130,000 na jina limekufa Karagwe na Kyerwa nzima.

Mzee hakunisifia. Aliniambia tu: "Mwanangu, siku nyingine uliza." Lakini siku iliyofuata alituma sauti nyingine kwenye grupu lilelile la madereva, akasema binti amekuja mwenyewe na amelipa.

SIKU BOKSI LILIPOKUWA LIMEKUFA KWELI

Msidhani boksi haliharibiki. Mwaka uliofuata mtumishi mmoja wa Rubwera alinitafuta. Ana Volkswagen Passat ya zamani, taa ya ABS inawaka. Kuna muuzaji amemwambia boksi used ni 650,000.

Safari hii niliuliza kwanza. Nikamtuma kwa fundi mwenye mashine. Jibu likaja na namba 01276, inayohusu pampu ya ABS. Fundi akapima fyuzi, zote nzima. Akapima umeme unaofika kwenye soketi ya boksi, upo. Akaipa mota ya pampu umeme wa betri moja kwa moja, ikazunguka. Mota nzima, umeme unafika kwenye boksi, lakini boksi haliupitishi kwenda kwenye mota. Hapo ndipo tukasema ni boksi.

Nilisimama pale mwanzo mwisho. Nawaandikia nilichokiona, kwa sababu muuzaji wa spea anayejua kazi inavyofanyika anauliza maswali yenye maana.

Walianza kwa kutoa waya hasi wa betri. Wakaosha eneo lote na kulikausha, maana uchafu ni adui hapo. Wakafungua kufuli ya soketi kubwa na kuichomoa. Kwenye gari lile boksi linatoka peke yake, kipande cha vali kinabaki na mabomba yake bila kuguswa. Hakuna mafuta yanayomwagika, hakuna upepo unaoingia. Boksi limeshikwa na skrubu ndogo za bisibisi ya nyota, nyingine zimejificha vibaya. Fundi alitumia muda mwingi hapo kuliko sehemu nyingine yoyote, maana skrubu ikiharibika kichwa, kazi inageuka msiba.

Skrubu zilipotoka alilivuta boksi taratibu likiwa limenyooka. Ndani yake kuna koili zinazovaa juu ya vichwa vya vali, ukilipindisha unaharibu. Vichwa vya vali vilivyobaki wazi alivifunika kwa nailoni safi. Gari likabaki limepaki.

Kulifungua boksi ilikuwa kazi ya fundi mwingine, anayetengeneza redio na simu. Mfuniko wake ni wa plastiki uliogundishwa. Aliukata pembeni pole pole, kisu kisizame, maana ndani kuna nyaya nyembamba kama nywele zilizofunikwa na ute mlaini. Kwa miwani ya kukuza tukaona nyaya nene zinazopeleka umeme wa mota ya pampu zimeachia pale zilipogusa. Joto la injini na mitetemo ya barabara ya miaka mingi ndiyo inayofanya hivyo. Akaondoa ute kidogo, akaunga upya kwa waya wa shaba na risasi, haraka ili joto lisisambae. Akafunga mfuniko kwa silikoni isiyo na ile harufu ya siki, kwa sababu yenye siki inakula shaba. Boksi likalala mpaka kesho yake silikoni ikauke.

Tuliporudisha, taa ikawaka wakati wa kuwasha gari kama inavyotakiwa, kisha ikazima. Fundi akafuta namba za kosa na kusoma tena, safi. Wakaenda uwanja mtupu wa udongo, mwendo mdogo, akakanyaga breki ghafla, pedali ikatetemeka. Mteja alilipa 180,000 kwa kila kitu. Mimi sikuuza kifaa chochote. Mgao wangu ulikuwa 60,000 kwa kumuunganisha na kusimamia. Yule mtumishi ameniletea wateja watano tangu hapo.

NINACHOFANYA SASA KABLA YA KUCHUKUA HELA

1. Naomba jibu la kipimo. Mteja akisema "fundi amesema", namuuliza fundi amesomaje. Kama hajapima, namwelekeza akapime kwanza, hata kama kifaa kipo mezani na mimi nina njaa ya hela.

2. Naomba picha ya namba zilizo kwenye kifaa cha zamani, zote, mpaka herufi ya mwisho. Boksi mbili za ABS zinaweza kufanana kama mapacha na zisielewane na gari moja. Nyingine zikifungwa zinahitaji kuandikishwa kwenye gari kwa mashine. Hilo namwambia kabla, pamoja na gharama yake.

3. Nauliza nani atafunga. Kama kazi inafungua mabomba ya breki, nataka kujua fundi huyo ana uwezo wa kutoa upepo. Kama hana, namtajia mwenye uwezo.

4. Napiga video ya kifaa kabla ya kukifunga kwenye boksi: namba, soketi, kila upande. Naweka alama yangu kwa kalamu ya kudumu. Mteja akirudisha, najua ni changu au amebadilisha.

5. Naandika masharti ya kurudisha kabla ya malipo: siku 7, kifaa hakijafunguliwa, alama yangu ipo. Mteja akijibu "sawa", hiyo sawa naitunza.

6. Siuzi kinachoficha ugonjwa. Wapo wanaoniomba niwatafutie mtu wa kutoa balbu ya taa ya ABS ili wauze gari. Nakataa. Anayenunua gari hilo atateremka milima hiihii tunayoteremka sisi.

7. Namwambia mteja ukweli wa barabara zetu. Kwenye changarawe ABS inaweza kufanya gari lichelewe kidogo kusimama, na pedali kutetemeka si ugonjwa. Wapo waliotaka kununua pampu kwa sababu hiyo tu. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya njano, namwambia apaki, asiendeshe kuja dukani.

Wewe unayeuza nguo, simu au vipodozi, najua huuzi breki. Lakini unayo "funga tu" yako. Kuna chaja uliyosema inafaa simu zote. Kuna mafuta ya ngozi uliyosema hayana shida kwa mtoto. Mteja wa mtandaoni hawezi kushika kitu, anashika maneno yako tu.

Juzi yule mzee wa Nkwenda amenitumia picha nyingine ya dashibodi, taa ya betri inawaka. Chini yake akaandika: "Mwanangu, nimeshapima, oltaneta haichaji. Namba zake hizi hapa." Sikuwa na la kuuliza tena. Nikatafuta, nikapata, nikatuma.